Chupa ya Watu Kumi

Chupa ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo ilikuwa na dozi kumi, na muuguzi Ambroise hakuwa tayari kuifungua kwa ajili ya mtu mmoja. Alimweleza Danielle jambo hilo bila ukali, akiwa amesimama mbele ya friji ya mafuta ya taa katika chumba cha nyuma cha zahanati ya parokia, huko Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Unga wa chanjo ukishachanganywa na maji yake, alisema, unadumu saa chache tu, hata ukiwa kwenye baridi. Baada ya hapo kinachobaki kinamwagwa. Chupa alizokuwa nazo zilikuwa mbili, na hakujua angepata nyingine lini. Dereva aliyezileta hakuahidi kurudi.

"Leta bantu tisa," alisema. "Weye utakuwa wa kumi. Siku ya ine asubui nitafungua."

Danielle alishukuru, akaitia Alhamisi hiyo akilini, akatoka nje. Sharti lilikuwa la haki na hakuona pa kulipinga. Tatizo lilikuwa upande wake: hakuwa na watu tisa.

Alikuwa amepokelewa kusoma kemia katika chuo kimoja cha Lubumbashi. Ndugu huko hakuwa nao, wala uwezo wa kupanga chumba, kwa hiyo kusoma kwake kulitegemea kitanda katika nyumba ya wasichana iliyosimamiwa na watawa, ambayo kila mtu aliiita foyer. Watawa walikuwa wamemwandikia kwamba kabla ya kuhamia zinapendekezwa chanjo tatu. Ya pepopunda alikuwa ameipata shuleni. Ya homa ya matumbo haikupatikana mahali popote katika mkoa, na watawa wenyewe walikubali kuiacha. Ya tatu hawakuiacha. Katika kiangazi cha mwaka uliotangulia, wasichana wawili wa chumba kimoja walikuwa wameugua homa hiyo ya shingo wakafa katika wiki moja. Danielle alipopeleka vyeti vyake, mtawa wa mapokezi alimwambia ana kwa ana kwamba kitanda chake kingemngoja hadi Jumatatu ijayo mchana. Asipokuja na kadi ya chanjo, angepewa msichana mwingine. Danielle aliuliza kama kupendekezwa ni sawa na kulazimishwa. Mtawa alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba, tangu yale mazishi mawili, ndiyo.

Miaka mitatu nyuma watu tisa wasingekuwa tatizo. Sasa ilikuwa mwaka 1994. Mama yake Danielle, mtu wa kabila la Wasanga wa Likasi, alikuwa amefariki zamani kidogo. Baba yake alizaliwa Likasi hiyo hiyo, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na ilipoanza kusemwa hadharani kwamba watu wa Kasai warudi kwao, alidhani ni maneno ya siasa yatakayopita. Hayakupita. Mwaka uliofuata alilala kwenye stesheni kwa wiki kadhaa pamoja na wanawe wawili wa kiume na maelfu ya watu wengine, wakingoja treni. Danielle alibaki. Uamuzi huo ulifanywa mezani, kwa hoja. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Alifanana na mama yake na alibeba jina la upande wa mama. Tena nyumba isiyo na mtu ilikuwa inaingiliwa kabla jivu la jikoni halijapoa. Kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, zilifika barua mbili. Ya tatu haikufika, na Danielle aliacha kwenda kuulizia posta, ambako karani alikuwa amekwisha kuizoea sura yake kiasi cha kutikisa kichwa kabla hajafika dirishani.

Darasani walibaki wachache. Walikaa mmoja mmoja kwenye madawati ya watu wawili, na hakuna mwalimu aliyewaambia wasogeleane. Rafiki yake Simone, ambaye nyumba yao ilitazamana na ya kina Danielle ng'ambo ya barabara, aliondoka na jamaa yake yote. Haikupita wiki kabla ya watu wengine kuonekana katika ua ule, wakianika nguo kwenye kamba ile ile. Danielle hakuwahi kuwasalimu. Kikula ni mahali ambapo watu huamkiana hata wakiwa na kesi kati yao, kwa hiyo kutosalimu kwake kulionekana, naye alijua kwamba kunaonekana. Hakujua wale watu walivyoipata nyumba, kama waliinunua, walipewa, au waliusukuma mlango tu. Kwa kuwa hakujua, hakuwashtaki kwa mtu yeyote. Kwa kuwa hakuuliza, hakuwasalimu.

Sasa alianza kutafuta watu.

Wa kwanza walikuwa rahisi. Mama yake mdogo, Hélène, aliishi kando ya ziwa Tshangalele na alikuja mjini kila wiki na kapu la samaki wa kukausha. Huko ziwani mtoto wa jirani yake alikuwa amekufa akiwa amepinda shingo nyuma kama upinde, kwa hiyo Hélène hakuhitaji maelezo. Alisema angekuja na wanawe wakubwa wawili. Mzee Germain, mstaafu aliyewahi kuendesha winchi kiwandani na ambaye pensheni yake ilikuwa imebaki jina tu, alikubali kabla Danielle hajamaliza kusema. Alionekana kufurahi kwamba ameitwa mahali. Mwalimu wake wa kemia alikubali kwa sababu za kisayansi, akazitaja.

Baada ya hao kazi ilikuwa ngumu. Wanawake wawili wa kwaya walisema sindano ile inakausha kizazi. Fundi viatu wa pale sokoni alisema ni njia ya kuwahesabu waliobaki, na alipoulizwa waliobaki gani, alirudi kwenye kiatu chake. Mama Clotilde, aliyeuza unga wa mahindi, aliuliza kwa uwazi atapata nini, maana kuacha meza yake asubuhi nzima ni hasara. Danielle alimweleza kwamba atapata kinga ya miaka mitatu. Mama Clotilde alimtazama kwa huruma.

Hélène ndiye aliyetoa dawa ya jambo hilo.

"Bantu habafuate maumivu ya bure," alimwambia. "Pika munkoyo. Ukiwaita ku munkoyo, batakuya. Shindano watapata mu njia."

Danielle aliona kwamba hoja ina nguvu: watu waje kwa kinywaji, sindano waikute njiani. Alisaga mahindi, akapika uji, akautia mizizi ya munkoyo, akauacha uchachuke kidogo kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha akaujaza kwenye dumu la njano. Kinywaji kile hakilewi mtu, lakini watu wakikiona wanajua kwamba wamealikwa. Mama Clotilde alisema, kwa munkoyo, atakuja na mdogo wake. Pitshou, fundi baiskeli wa pembeni mwa barabara, mwanamume mkubwa mwenye mikono myeusi ya grisi, alisema atakuja na mke wake Chérie. Tisa wakatimia. Hayo yote yalifanyika kwa hesabu njema, na Danielle hakutambua kwamba, kuanzia lile dumu, jambo lilikuwa limegeuka. Alikuwa ameanza kama mgonjwa anayetafuta wenzake. Sasa alikuwa mwenye karamu.

Alhamisi asubuhi waliketi kwenye benchi la zahanati, wengine kwenye ngazi, vikombe mkononi. Kila mtu alikuja na bomba lake la sindano, kama ilivyokuwa desturi tangu vifaa vya zahanati kuchukuliwa wakati mji ulipoporwa. Mwenye duka la dawa alikuwa amebakiwa na aina moja tu, yale mabomba makubwa ya kutilia dawa za malaria, na wote walinunua hayo. Ambroise aliwahesabu kwa macho. Kisha alivunja kizibo, akaingiza maji kwenye unga, akaizungusha chupa taratibu bila kuitikisa, mpaka ikawa safi.

"Danielle, kuya," alisema. "Ni weye njo mwenye mambo."

Danielle alikataa. Alisema wageni wapite kwanza. Hakusema hivyo kwa majivuno, na hata hakufikiri. Mtu aliyeita watu hali kabla yao. Anagawa, anasimama, na kinachobaki mwishoni ndicho chake. Alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake na mama yake, na pale kwenye benchi hakuna aliyeona ajabu. Mzee Germain alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mtoto huyu alilelewa, akaanza kukunja mkono wa shati. Ambroise naye, ambaye angeweza kusisitiza, hakusisitiza. Alikuwa mtu wa Kikula kama wao.

Walipita kwa umri. Mzee Germain, mwalimu, Hélène, Mama Clotilde na mdogo wake. Ilipofika zamu ya Pitshou, alibaki ameketi, akijifanya anamalizia kikombe.

"Pitshou," alisema Hélène, akimkumbusha matairi yake, "kila siku unapiga pneu na misumari. Leo unaogopa kamoja kadogo hivi?"

"Pneu hailie, mama."

"Na weye utalia?"

"Ngoja Chérie apite kwanza. Kama akilia, narudia ku kazi."

Chérie alipita bila kulia, na Pitshou akafuata akiwa ameangalia dari. Walicheka. Kwa muda ule mfupi, Danielle, aliyekuwa akijaza vikombe, alisahau kwa nini wako pale. Hilo aliligundua baadaye na akaliweka katika hesabu ya makosa.

Wakapita wanawe Hélène, wa mwisho akiwa kijana wa kiume aliyekenua meno tu. Ndipo Danielle aliweka dumu chini, akafuta mkono, akaketi kwenye kiti.

Ambroise aliigeuza chupa juu chini na kuvuta. Bomba lilivuta kidogo, kisha likavuta hewa. Aliitoa sindano, akaiingiza tena kwa pembeni, akavuta polepole. Aliliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha. Kilichokuwa ndani hakikufika nusu ya alama.

Alieleza, akimweleza Danielle peke yake ingawa wote walisikia. Yale mabomba makubwa huacha tone shingoni kila yakisukumwa, tone ambalo halimfikii mtu. Kwa bomba dogo tone hilo si kitu. Kwa bomba kubwa, mara tisa, lilikuwa zaidi ya nusu ya dozi. Alipaswa kulifikiria. Hakulifikiria.

"Iyi nusu inakinga?" Danielle aliuliza.

"Sijui."

"Kidogo?"

"Danielle, sijui. Hakuna muntu alinifundisha ya nusu." Aliishusha sauti. "Lakini kadi nitaiandika. Hapa wote banajua ulikuya. Masere ataona tampon, basi."

Danielle aliutazama mhuri uliokuwa juu ya meza, huo ambao mtawa angeuona na kuridhika. Aliiwaza foyer. Aliwawaza wale wasichana wawili ambao hakuwajua hata majina, na chumba ambamo labda angelala. Ikiwa kadi yake ingesema kitu ambacho mwili wake haukuwa nacho, basi ile kadi ilikuwa haina kazi isipokuwa kumpitisha mlangoni. Na yeye hakuwa anataka mlango tu. Tangu aliposikia habari ya mazishi yale, alikuwa anaogopa, na hofu ile ilikuwa na msingi.

"Basi usiandike," alisema.

Walikuwa wamekaa na pamba mikononi mwao, tisa, kila mmoja ameshikilia mahali pake. Mama Clotilde ndiye aliyesema, akiangalia kikombe chake:

"Tumekunywa munkoyo yake. Tumekunywa na shindano yake."

Alikuwa amekusudia mzaha, na hata Pitshou hakucheka.

Danielle aliuliza habari ya chupa ya pili. Ambroise alijibu alilotarajia. Ikiwa na watu kumi, ataifungua, hata Jumamosi. Ikiwa na mmoja, hapana.

"Nikifungua juu ya weye moja, dozi tisa zinaenda mu taka. Kesho mama analeta mutoto wa shingo ngumu, na batoto ingine benye kulala naye. Nitamujibu nini? Nilikuwa na haya?"

Danielle alilibeba dumu, ambalo bado lilikuwa na kinywaji chini, akarudi nyumbani. Hélène alimsindikiza hadi njia panda. Alikuwa na lifti ya kurudi ziwani na lori halingemngoja. Alimkumbatia kwa mkono usiouma, akaenda.

Jioni ile Danielle aliketi jikoni akafikiri kwa utaratibu. Alianza na watu waliokuwa tayari kumsaidia. Hapo ndipo alipoliona jambo lilivyo, na lilikuwa rahisi mno. Chanjo ile mtu hachomwi mara mbili. Kila mtu aliyemjua Likasi, kila mtu ambaye angeamka asubuhi kwa ajili yake, alikuwa amekwisha kuchanjwa. Alikuwa amewatumia wote. Kuijaza chupa ya pili, alihitaji watu tisa ambao hawamjui.

Ijumaa mchana Mama Clotilde alituma ujumbe kwamba amewapata wasichana wawili wa sokoni, wanaouza chumvi, watakuja Jumamosi. Zaidi ya hao hakupata. Danielle alizunguka barabara tatu. Katika nyumba mbili walimfungulia na kumsikiliza kwa adabu, wakasema watafikiri. Katika nyumba ya tatu aliulizwa baba yake ni nani, na alipotaja jina, mlango ulifungwa, si kwa nguvu. Alirudi saa za kuwasha moto. Ng'ambo ya barabara, katika ua wa kina Simone, moshi ulikuwa umekwisha kupanda, na watu walikuwa wengi kama kawaida: wakubwa, vijana, watoto, mtu wa kukata kuni, mtu wa kuchambua matembele. Alikuwa amewaona kila siku kwa muda wa mwaka mzima bila kuwahesabu. Sasa aliwahesabu, akiwa amesimama kwenye kizingiti chake.

Alivuka barabara.

Mwanamke aliyekuja langoni alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina unga. Danielle alimsalimu na kujitaja. Mwanamke alimtazama vizuri kabla ya kuitikia.

"Kumbe unasemaka," alisema. "Shiye tulizani uko bubu."

Jina lake lilikuwa Henriette. Hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Danielle alieleza yote kwa mpangilio: foyer, ugonjwa, chupa, dozi, mabomba makubwa, kesho asubuhi. Henriette alisikiliza huku akijifuta unga kidole kimoja kimoja. Nyuma yake watoto walikuwa wameacha mchezo.

"Tuliona bantu yako banapita na munkoyo," alisema. "Bwana yangu aliniambia labda ni matanga, twende tutoe pole. Nikamwambia, kama ni matanga batatuita. Habakutuita."

"Haikuwa matanga."

"Sasa najua. Juu ya nini haukutuita?"

Majibu ya adabu yalikuwepo. Danielle aliyapitia na kuona kwamba mwanamke huyu angeyajua kwa haraka.

"Iyi nyumba ilikuwa ya rafiki yangu."

"Najua," alisema Henriette. "Jina yake iko ku mulango ya chumba, alichora na kisu. Simone. Batoto yangu banasomea pale." Akapangusa unga kiganjani. "Shiye tulikuwa mu camp ya kazi, nyumba ya kampuni. Bwana alipopoteza kazi, tulitoshwa mu nyumba. Muntu akatuambia kule Kikula kuko nyumba wazi. Tukakuta iko wazi kweli. Sikuuliza wazi ya nani. Ungekuwa na batoto na mvua inakuya, ungeuliza?"

Danielle alilitafakari swali kana kwamba limeulizwa ili lijibiwe. Alisema hajui. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima alikuwa ametunga namna mbalimbali ambazo watu hawa waliingia katika nyumba ile, na katika nyingi kati yake mlikuwa na mapanga. Sasa alikuwa na ukweli, au sehemu yake: mvua na mlango uliokuwa wazi. Haukuwasafisha. Wala haukuwafanya kuwa wale aliokuwa amewaogopa. Ilimbidi aanze upya kuwaona, na hakuwa na muda.

Henriette aligeuka, akazungumza na watu wa ndani kwa Kibemba, haraka. Kulikuwa na mabishano mafupi. Sauti ya mwanamume ilipinga, sauti ya kijana ikaongeza kitu na watu wakacheka. Henriette alirudi langoni.

"Wenye kufaa tuko saba. Kale kadogo bado kananyonya. Tutakuya. Munkoyo usipike."

Danielle alianza kushukuru. Henriette alimkatiza kwa kuinua mkono wenye unga.

"Lakini kesho weye utapita wa kwanza. Unasikia? Sitaki bantu ya avenue baseme tulichukua nyumba ya moja, tukachukua na shindano ya mwengine."

Jumamosi walitembea hadi zahanati, Danielle mbele kwa kuwa ndiye aliyejua njia, wale saba nyuma yake wakizungumza kwa Kibemba juu ya mtu ambaye yeye hakumjua. Wasichana wa chumvi walikuwa huko tayari, wameketi mbali kidogo. Ambroise alikuwa ameazima mabomba madogo kutoka zahanati nyingine. Alimwonyesha Danielle, kama mtu anayerudisha alichovunja. Alichanganya chanjo. Henriette alisimama kando ya kiti na kumwonyesha Danielle kwa kidevu.

Aliketi. Ilikuwa jambo la kupepesa macho. Alihisi sindano, kisha uzito kidogo chini ya ngozi, kisha pamba. Ambroise aliandika kadi, tarehe, namba ya chupa, akapiga mhuri na kuupuliza wino. Alimwambia kinga inachukua kama wiki kujengeka mwilini. Hadi hapo, asikae sana kwenye mikusanyiko ya watu. Lilikuwa shauri rahisi kwake kufuata.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyewaleta, hakuweza kuondoka. Alikaa mwisho wa benchi akawatazama wakipita mmoja mmoja. Hakujua jina la hata mmoja wao isipokuwa Henriette. Mwanamume mwenye ndevu chache lazima alikuwa mume. Kijana aliyecheka jana alikuwa na kovu mkononi. Msichana mmoja wa umri wake, mrefu, aliyefunga kitambaa cha kijani, alimtazama Danielle mara mbili kana kwamba angetaka kuuliza kitu, labda kuhusu chuo, na Danielle alingoja aulize. Hakuuliza. Dozi zilitosha. Ilipokwisha, walishukuru, wakasema wanapitia sokoni, na wakachukua njia ya pili. Danielle alirudi peke yake.

Jumatatu alifika Lubumbashi kabla ya adhuhuri. Alikuwa ameifunga nyumba kwa kufuli mbili na hakujidanganya juu ya uwezo wa kufuli. Mtawa wa mapokezi aliisoma kadi pande zote, akalinganisha mhuri na tarehe, akasema vema. Kitanda kilikuwepo, chumba cha juu, karibu na dirisha. Danielle aliuliza, kwa kuwa lilimhusu, kama wenzake wa chumba wamechanjwa. Mtawa alisema wote, na akaonekana kuliheshimu swali.

Halafu alichukua karatasi na kalamu. Alihitaji jina la mtu wa kupewa habari kule Likasi, msichana akiugua. Awe mtu anayekaa mahali panapojulikana, alisema, kwa sababu ujumbe hupelekwa na katekista kwa mkono.

Danielle alifikiri. Baba yake alikuwa Mwene-Ditu, kama bado alikuwa huko. Hélène aliishi ufukweni mwa ziwa, katika kijiji kinachohama na samaki. Mzee Germain alikuwa amemwambia mwezi ujao anahamia kwa binti yake. Mama Clotilde alimjua kwa meza yake ya unga. Alikolala, hakuwahi kufika. Mtawa alingoja, kalamu imeinuliwa.

"Henriette," alisema Danielle.

"Ni ndugu yako?"

"Ni jirani."

"Jina lake lingine?"

"Sijui."

Mtawa alimtazama, kisha akaandika jina hilo moja. Aliuliza barabara na namba ya kiwanja. Namba hiyo Danielle aliitoa bila kufikiri. Alikuwa ameiandika kwenye bahasha tangu utotoni, kila likizo Simone alipokwenda kwa bibi yake na wakakubaliana kwamba akirudi nyumbani akute barua.

Mtawa alimpa ufunguo, akamwonyesha ngazi. Chumbani kulikuwa na vitanda sita, vitano vimetandikwa, na wenyewe walikuwa darasani. Danielle aliweka begi lake juu ya kile cha dirishani. Mkono bado ulikuwa unamuuma kidogo, mahali pale pale, na alipoubonyeza kwa kidole alihisi kivimbe kigumu, chenye joto. Ilikuwa dalili ya kawaida. Ambroise alikuwa amemwambia ingedumu siku chache.